Mbao za Mwalo

Jina lake ni Mbuke. Hapa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, tulimwita Mama Enock, na waliomchoka walimwita Mama Kinyaa, ingawa si mbele yake. Banda lake lilitazamana na banda langu la cherehani, katikati yetu mtaro wa maji machafu, na kwa miaka mingi nilimwona akifika asubuhi, akifungua kufuli na kunusa hewa kama mtu anayeingia chumba alimolala mgonjwa. Kisha alitema mate mtaroni na kuanza kazi.

Alikuwa mchonga mbao. Alichonga miiko, vinu na michi, vigoda, vibao vya kusukumia chapati, na milango kama mtu akiagiza. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na tezo, randa mbili, msumeno, patasi chache na vipande vya chupa vya kukwangulia, na vyote alivirithi kwa baba yake isipokuwa chupa. Kwao ni kijiji cha wafugaji kando ya barabara ya kwenda Mwadui. Kaka zake walipata kazi kwenye almasi, au waliisubiri mpaka wakaota mvi, na tezo ikabaki kwa binti. Baba yake alimfundisha kwamba chombo kitakachogusa chakula hakichongwi kutoka mti wowote tu. Mzee huyo aliwahi kukataa mti mzuri wa mninga kwa sababu ulisimama karibu na josho la ng'ombe. Alisema mti hunywa kilichomo ardhini, na mtu atakayekula kwa mwiko wake atakunywa pia. Mbuke aliyashika maneno hayo kuliko wengine walivyoishika dini.

Nyarugusu aliletwa na ndoa. Mumewe, Stanslaus, alikuwa mchimbaji, mtu mpole, asiye na neno na mtu. Siku moja Mbuke alitoka kuteka maji akamkuta anachoma zebaki iliyonasa dhahabu jikoni kwake, ndani ya upawa uleule wa kupakulia maharage, ili moshi uende na dhahabu ibaki. Mbuke hakupiga kelele. Alitoa vyombo vyote vya jikoni, akavifukia nyuma ya choo, halafu akalitoa nje begi la mume. Stanslaus alidhani ni hasira ya siku moja. Akajihifadhi kwa rafiki yake, akasikia kuna rashi Chunya, watu wanakimbilia dhahabu mpya, akaenda, na huko akabaki. Enock, mtoto wao pekee, yuko Mwanza, anafundisha udereva.

Sitaki msomaji adhani mama huyu alikuwa anajidai. Mtu anayetoka mahali pasafi akakaa hapa kwetu, lazima kitu kimwingie kooni. Sisi tumezoea. Tunawaona wanaume wanakamua zebaki kwenye kitambaa cha shati, wanajifuta mikono kwenye suruali, wanavunja mkate na kula. Maji ya mialo, kule tunakooshea dhahabu, yanateremka rangi ya majivu, yanapita kando ya mabucha, na bata wanaoga humo, na bata hao tunawachinja Krismasi. Mbuke aliyaona hayo kila siku kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Kilichomwezesha kuishi ni ile kazi. Ukimtazama anachonga mwiko ungeona uso wake unalegea. Alipasua gogo kwa kufuata nyuzi za mti, hakulikata kwa msumeno, ili mwiko usipasuke baadaye. Alichonga kwa tezo, akakwangua kwa chupa mpaka ukawa laini kama mgongo wa samaki, kisha akauchemsha kwenye maji ya chumvi na kuuanika kivulini. Hakupaka rangi wala vanishi. Mwiko wake ulidumu kuliko sufuria.

Nje ya nyumba yake alikula sehemu moja tu, kwa Rhoda, mama ntilie wa pale stendi. Rhoda alinawa mikono kabla ya kusonga, na alisongea miiko ya Mbuke. Kila mchana Mbuke alivuka barabara, akaketi kwenye kigoda alichokichonga mwenyewe, akala ugali na dagaa bila kusema neno, na kwake huo ulikuwa urafiki mkubwa.

Kisha akaja Bartholomeo. Alitoka Kahama na mashine ya kuranda na kuchonga inayoendeshwa kwa jenereta, akajenga kibanda cha mabati karibu na soko. Alikuwa mcheshi, anaamkia wakubwa, anawachezea watoto. Miiko yake ilitoka kwenye mashine kama mikate, yote sawasawa, imepakwa vanishi ikang'aa, na kwenye mpini alichoma alama ya ua. Bei yake ilikuwa chini sana. Akina mama wakajaa kibandani kwake. Mbuke alikwenda kuangalia, akachukua mwiko mmoja, akaunusa mbele ya watu, akaurudisha. Alisema chini ya vanishi kuna harufu asiyoijua, na kwamba vanishi yenyewe haifai kuingia kwenye ugali. Wanawake wakaangaliana. Jioni ile habari ilikuwa imeshaenea kwamba Mama Enock ana wivu wa biashara, na mimi nakubali kwamba hata kwangu ilisikika hivyo.

Wateja wakampungukia. Rhoda naye alinunua miiko kwa Bartholomeo, na kwa kumwonea haya rafiki yake hakumwambia. Ile ya zamani aliiacha imening'inia ukutani ionekane.

Mvua za vuli zilipoanza, mashine ya Bartholomeo iliungua. Alikuwa amepokea oda ya miiko mikubwa kwa ajili ya jiko la shule moja ya bweni, na hakuwa na namna nyingine. Alikuja kwa Mbuke na mbao juu ya guta, akamwamkia shikamoo kwa heshima, akamweleza shida yake. Mbuke aliitikia marahaba, akauliza mbao zimetoka wapi. Akaambiwa ni mninga mtupu, mbao za zamani zilizokauka vizuri, mtu alibomoa jengo lake. Mbuke akazinusa, akakunja uso. Lakini kazi ilikuwa imekauka, na yeye alikuwa ameshachoka kukaa kwenye banda akitazama tezo. Akazipokea.

Nilikuwa napinda suruali alipoanza. Mbao zilikuwa za kijivu juu, na randa ilipopita ile rangi ya kijivu ikaondoka, ukatokea wekundu mzuri wa mninga. Akaranda, akaranda, mara randa ikagonga chuma. Kulikuwa na msumari uliokatwa kichwa. Akachukua koleo, akauvuta kwa nguvu mpaka ukatoka, kisha akaupiga ubao juu ya meza ili uchafu umwagike kutoka tunduni. Ukatoka mchanga wa kijivu. Nyuma ya mchanga likatoka tone la rangi ya fedha, likabiringika mezani, likagonga patasi na kugawanyika matone mawili.

Akaniita. "Eunice, njoo uone."

Nikavuka mtaro. Alikuwa amesimama mbali na meza, mikono ameinua kama mtu mwenye unga viganjani.

"Unajua hiki ni nini?"

Nikamwambia ni zebaki, nani hapa asiyeijua.

"Imetoka kwenye mwiko," alisema. "Huu ubao unakwenda kuwa mwiko."

Ndipo nilipoelewa. Jengo lililobomolewa halikuwa nyumba. Ilikuwa mialo. Mwalo ni ubao mrefu ulioinamishwa na kutandikwa magunia, tope la mawe yaliyosagwa hupitishwa juu yake kwa maji na dhahabu hunasa kwenye magunia. Kulikuwa na mmiliki mmoja kule bondeni aliyekuwa na tabia ya kumwagia zebaki mwalo wenyewe ili usipotee hata unga wa dhahabu. Alipofariki, watoto wake waliyachoma magunia na kuyaosha majivu ili kupata dhahabu iliyonasa, kama ilivyo desturi. Mbao wakamwuzia Bartholomeo. Zilikuwa zimelala kwenye zebaki na tope miaka na miaka.

Mbuke alikuwa bado anatazama meza. Nilimwona uso wake unabadilika polepole, kisha akatoka bila kufunga banda, akavuka barabara kuelekea stendi. Nikamfuata. Rhoda alikuwa anasonga. Mbuke aliushika mkono wake, akautoa mwiko sufuriani na ugali wake, akaufuta kwa aproni. Kwenye mpini kulikuwa na ua la kuchoma. Karibu na ua kulikuwa na doa la duara, tundu la msumari lililozibwa kwa gundi na unga wa mbao. Alilikwangua kwa ukucha, kile kizibo kikatoka.

"Tangu lini unapikia huu?" aliuliza.

Rhoda aliupangusa ukingo wa sufuria. Kisha akasema tangu Pasaka.

Tangu Pasaka Mbuke alikuwa amekula pale kila mchana. Alikwenda nyuma ya banda, akaingiza kidole kooni, akatapika mpaka hakubaki na kitu cha kutapika. Wateja waliokuwa mezani waliendelea kula. Mmoja alisema samaki wa leo ni wazuri.

Aliporudi alimweleza Rhoda alichokiona. Rhoda alisikiliza, akatazama wateja wake, na kilichomshika hakikuwa hofu ya zebaki bali hofu ya jina lake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba miiko huoshwa kwa sabuni, kwamba hajaumwa hata siku moja, na kwamba Mama Enock asimharibie biashara kwa sababu ya ugomvi wake na Bartholomeo. Kisha akaurudisha mwiko sufuriani. Nilimwona Mbuke akiutazama unavyozama.

Kwa Bartholomeo alikwenda peke yake, lakini alinisimulia. Bartholomeo hakukana. Hakuona hata sababu ya kukana. Alimwambia kwamba mwiko unaingia kwenye maji yanayochemka, sasa kitabaki nini. Kwamba watu wa hapa wanaweka zebaki mfukoni pamoja na sigara, je wamekufa. Kwamba mbao za mninga halisi siku hizi hazipatikani na watu wanataka bei ya chini. Yote hayo aliyasema kwa upole, akamkaribisha soda. Mbuke alisema kilichomkirihi zaidi ni ile soda, namna ilivyofunguliwa na mkono uliotoka kushika zile mbao, na kidole gumba kikafuta mdomo wa chupa ili kumpa heshima.

Akarudi kazini, lakini hakuchonga. Aliichukua ile randa aliyoitumia, yenye mwili wa mti, akaigeuza. Mdomoni mwake, pale chuma kinapotokea, kulikuwa na chembe inayong'aa. Aliisugua kwa majivu, akaisugua kwa mchanga, akaiosha kwa maji ya moto. Chembe ilikuwa imeshaingia kwenye ufa. Alikaa nayo magotini muda mrefu. Baba yake ndiye aliyeuchonga mwili wa randa ile. Kuichoma hakuweza, kwa sababu ya moshi, na kuitumia kwenye chombo cha chakula hakuweza tena. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitundika juu kwenye kenchi ya paa ambako mkono wake usingeifikia kwa mazoea.

Siku ya gulio aliniomba kipande cha kitambaa cheupe. Alibeba ubao mmoja begani na tezo mkononi, akaenda mpaka katikati ya soko, mahali wanapouza mitumba, akatandika kitambaa chini. Watu walisogea, maana mama yule hakuwa na kawaida ya kusimama mbele za watu. Hakuhutubia. Aliusimamisha ubao, akaupasua kwa tezo kwa kufuata mstari wa misumari. Ukafunguka kama ganda la karanga. Ndani, kwenye nyufa na kwenye matundu ya misumari, kulikuwa na mstari wa tope la kijivu lililoganda, na matone ya zebaki yakadondoka juu ya kitambaa, mengine madogo kama mayai ya chawa, mengine makubwa kiasi, yakakimbiliana na kuungana.

"Hiki ndicho mnachosongea ugali," alisema. "Hizi ni mbao za mwalo. Miiko yenye ua imetoka humu."

Mama mmoja aliyembeba mtoto alifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani wameelewa, na nadhani Mbuke naye alidhani hivyo, kwa sababu aliteremsha mabega.

Kisha mchimbaji mmoja, kijana wa kutoka Tarime aliyeitwa Mwita, akachuchumaa. Aligusa tone kwa kidole, akalisugua kati ya vidole viwili, akalileta karibu na jicho.

"Mama, hii imeshika," alisema. "Hii si zebaki tupu."

Alimaanisha ina dhahabu ndani. Kabla hajasimama, wanaume walikuwa wameshapiga magoti. Kitambaa kilivutwa huku na huku mpaka kikachanika. Mmoja aliuramba ukingo wa ubao, nasema kweli, aliuramba kwa ulimi ili ang'amue kama ile inayong'aa ni mchanga au ni kitu. Mwingine akauliza kibanda cha Bartholomeo kiko upande gani. Wakaondoka mbio, na nyuma yao wakaenda wanawake, lakini wao walikuwa wanakimbilia majikoni kwao.

Jioni ile Nyarugusu yote ilinuka mbao za kuungua. Kila uani kulikuwa na karai, na ndani ya karai miiko yenye ua iliyopasuliwa vipande. Walichoma, wakaponda majivu, wakayaosha kwenye beseni. Vanishi ilitoa moshi mweusi wa kukereketa, na ndani ya moshi huo kulikuwa na ule mwingine usioonekana. Mbuke alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wasichome, moshi ni mbaya kuliko mwiko wenyewe, watoto wasikae karibu. Walimwitikia vizuri. Ndiyo, Mama Enock. Wakawafunika watoto pua kwa kanga, wakaendelea kupuliza moto. Kwa Rhoda aliwakuta wamezunguka jiko lilelile la kupikia. Nilimwona anasimama mlangoni, mkono puani, akigeuka na kuondoka bila kuwasalimia.

Kama kuna aliyepata dhahabu sijui. Walisema mtu mmoja wa upande wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe, alipata chembe kama mbegu ya mchicha, lakini kila uliyemwuliza alikuambia si yeye, ni mwenzake. Bartholomeo ndiye aliyefaidi. Mbao zilizobaki aliwauzia wachimbaji vipande vipande, kwa bei ambayo hakuwahi kuipata kwa mwiko, na mashine yake hakuitengeneza tena. Ile oda ya shule aliiacha. Siku chache baadaye alikuja bandani kwa Mbuke na kilo mbili za sukari.

"Umenifungulia mlango, mama," alimwambia. "Mimi si mtu wa kusahau."

Mbuke aliipokea sukari kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akauchana mfuko, akaimwaga yote mtaroni, taratibu, mpaka chembe ya mwisho. Bartholomeo akatazama sukari inavyogeuka kahawia kwenye maji yale, akacheka kidogo, akaondoka. Nyuma yake akaja mwanamume mwingine, nisiyemjua, akauliza kama ni kweli ile randa iliyoranda mbao za mwalo bado ipo, na kama mwenyewe anaweza kuiuza akaichome. Mbuke alimtazama, na mtu yule akaanza kurudi nyuma bila kuambiwa.

Basi majiko yakawa hayana miiko. Wanawake wakarudi. Walikuja na kikapu cha viazi, na kuku, na maneno ya utani, kila mmoja akitaka mwiko upesi. Mbuke hakuwahi kuwa na kazi nyingi kama miezi ile, na sikuwahi kumwona amejaa chuki kiasi kile. Alichonga vizuri kama zamani, maana mikono yake haikujua kuchonga vibaya, lakini alipomkabidhi mtu mwiko wake hakumtazama usoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema ametupa ule wa kwanza kwa sababu ulikuwa mchafu.

Rhoda alikuja mwisho. Alisimama upande wangu wa mtaro kwanza, akajifanya anaulizia gauni, kisha akavuka.

"Nahitaji mmoja wa kusongea, dada," alisema. "Ile ya zamani imeliwa na mchwa ukutani."

Mbuke aliendelea kukwangua. "Ulipouchoma ule ulipata nini?"

"Majivu."

Mbuke akainuka, akachagua mwiko mzuri kuliko yote iliyokuwa imeanikwa, akampa, na hakutaka chochote. Rhoda alimwomba aje kula mchana, kuna mchicha na karanga. Mbuke akamwambia asante, na mchana ulipofika alifungua kibakuli chake cha plastiki akala viazi baridi, ameupa mgongo mtaa.

Kiangazi kilipoingia alihamia Masumbwe. Alisema huko kuna mtu anauza magogo ya mtundu na mninga kutoka porini, na mwenyewe anakuonyesha kisiki, ujue mti ulisimama wapi. Sijui kama ni kweli kwamba alifuata magogo. Nilimsaidia kufunga tezo na patasi kwenye gunia. Ile randa ya kwenye nailoni aliishusha, akaiweka kwenye mfuko wa peke yake.

Mwezi uliopita nilipita Masumbwe kununua vitambaa, nikamtafuta. Anaishi nyuma ya kiwanja cha mbao, ua umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Nilimwamkia "mwangaluka", akafurahi kusikia Kisukuma kutoka kwangu mimi niliyezaliwa kwingine. Akasonga ugali, akapika mlenda kidogo na kukaanga samaki, tukala kwenye sahani moja. Alikuwa amenenepa. Aliniuliza habari za Nyarugusu kama mtu anayegusa kidonda ili ajue kimepona. Nikamwambia Rhoda yupo, anasalimia. Nikamwambia Bartholomeo amenunua pikipiki. Akauliza kama bado watu wanachoma.

Nikamwambia mbao za mwalo zimekwisha. Sasa wameanza milango ya vile vibanda vya zamani kule bondeni, na wiki iliyopita wameng'oa madawati ya kanisa dogo la wachimbaji, kwa sababu mtu alikumbuka kwamba fundi aliyeyatengeneza alipewa mbao na mwenye mwalo.

Mbuke alikuwa ameshika tonge. Aliliangalia, akaliweka pembeni mwa sahani, akaenda kwenye ndoo akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na aliporudi aliketi akanisubiri mimi nimalize.